Vitambaa vya Timazi

Mpelelezi hakuwa na gari, maana gari la kituo lilikuwa limepelekwa kutengenezwa na halikurudi. Hakuwa na msaidizi. Hakuwa na mhandisi wa kumweleza kwa nini roshani ya zege huanguka, wala shahidi aliyeiona ikianguka, kwa sababu mtu pekee aliyekuwa chini yake alikuwa sasa kwenye jokofu la hospitali. Kamera aliyopewa haikuwa na betri. Bahasha za serikali alizobeba mkobani hazikuwa na gundi. Ilikuwa imekaukia kabatini, na kila ukifunga bahasha ilijifungua taratibu kama jicho la mtu anayejifanya amelala. Zaidi ya yote hayo, hakuwa na muda.

"Mwendesha mashtaka anataka maoni yako kabla ofisi haijafungwa leo," mkuu wake alimwambia asubuhi, akikoroga chai. "Kesho fundi anapanda kizimbani. Ukipeleka karatasi tupu, shtaka ni kuua bila kukusudia, na mambo yamekwisha."

"Na nikipeleka iliyoandikwa?"

"Inategemea umeandika nini. Lakini usijisumbue sana, bwana. Fundi kajenga vibaya, kibarua kafa. Hapo kuna fumbo gani?"

Mpelelezi alichukua mkoba wake na kuteremka mahabusu.

Fundi alikuwa amekaa kwenye benchi la saruji, mgongo umenyooka. Watu wote walimwita Timazi, kwa sababu hakutembea bila timazi mfukoni, kile kipande cha chuma chenye uzi ambacho waashi huning'iniza kupima kama ukuta umesimama sawa. Polisi walikuwa wamekichukua pamoja na mkanda wake na kamba za viatu.

"Afande, nimeshasema," alianza. "Nimesema kwa waliokuja kunikamata, nikasema kwa mkuu wako."

"Sema na kwangu. Mimi sikuwapo."

Timazi alishusha pumzi. Alieleza polepole, kama mtu anayepanga matofali. Mwenye nyumba alitaka chumba cha juu kwa ajili ya mama yake, na mbele ya chumba hicho roshani, ili bibi apate pa kuota jua. Sakafu ya chumba ilimwagwa zege kwanza. Roshani ilikuja kumwagwa baadaye sana. Zote mbili zilishikiliwa kwa chini na miti, na miti haiondolewi mpaka zege likomae.

"Miti ya chumba ilikuwa imefikia kutolewa. Ya roshani ilikuwa bado kabisa. Lile zege lilikuwa bichi, afande. Ukilikwaruza kwa msumari linatoa unga. Sasa miti yote imesimama pamoja mbele ya nyumba, imechanganyika kama watu kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Asubuhi ya kumwaga roshani nikafunga vitambaa kwenye miti yake. Nikamwambia Chapuchapu: mti wenye kitambaa usiuguse, mpaka siku nitakapokivua mimi. Usio na kitambaa, wakati wake ukifika, toa."

Chapuchapu ndiye aliyekuwa kwenye jokofu.

"Nani mwingine alisikia?"

"Tulikuwa mimi na yeye."

"Na siku ya kutoa miti wewe ulikuwa wapi?"

"Kwenye kazi nyingine. Ng'ambo ya mto."

"Kwa nini vitambaa? Kwa nini si rangi?"

"Rangi inafunikwa na zege likidondoka. Na ukiandika, wengine hawasomi. Kitambaa kila mtu anakiona. Nimefanya hivyo tangu nikiwa saidia fundi."

"Mwenye nyumba anasema hajaona kitambaa hata kimoja."

"Nimeambiwa."

"Ulivipata wapi?"

"Nilimwomba mkewe nguo kuukuu. Akaniletea shati. La mistari ya buluu, kola imelika. Nikalichana."

Mpelelezi aliandika: mistari ya buluu. "Uliwaambia watu wa nyumbani maana ya vile vitambaa?"

"Watu wa nyumbani hawatoi miti, afande."

"Hilo sikukuuliza."

Timazi aliangalia viatu vyake vilivyokosa kamba. "Sikuwaambia," alisema.

Mpelelezi alikwenda kwa miguu. Nyumba ilikuwa ya ghorofa moja, ukuta wa juu bado haujapigwa lipu. Pale roshani ilipokuwa imetokeza, nondo zilikuwa zimechomoza kwenye ukingo wa sakafu kama meno ya kitana kilichovunjika, na chini yake kulikuwa na rundo la zege. Mwenye nyumba, msimamizi wa ghala, mtu mwenye funguo nyingi kiunoni, alimpokea getini.

"Mmeshakuja mara ngapi, afande?"

"Mimi ni mara ya kwanza."

"Basi angalia mwenyewe. Yule mtu kaweka mchanga, saruji kaila." Alilipiga teke bonge moja la zege, likapasuka. "Umeona? Hilo ni zege au ni mkate?"

Mpelelezi alitoa msumari mkobani, akachuchumaa, akakwaruza bonge lililopasuka. Liliacha unga, na ndani ya mpasuko rangi yake ilikuwa nyeusi kidogo, ya unyevu. Kisha alipanda ngazi mpaka sakafu ya chumba cha juu, akakwaruza pale. Msumari uliteleza bila kuacha alama. Akaomba nyundo, akagonga. Sakafu ikalia kama kengele.

"Sakafu hii nani aliimwaga?"

"Huyohuyo."

"Kwa saruji ya wapi?"

"Ya duka lile lile. Niliileta mwenyewe."

"Basi hakuila. Mkono mmoja, saruji moja. Hili limekomaa, lile lilikuwa bichi." Aliziinamia nondo zilizochomoza. Zilikuwa upande wa juu wa zege, panapotakiwa, na zilikuwa safi, hazikushikwa na kitu. Zege changa lilikuwa limeziachia zikachomoka. "Roshani haikuanguka kwa sababu ya ujenzi mbovu. Ilianguka kwa sababu iliondolewa miguu kabla haijajua kusimama."

Mwenye nyumba alihamisha uzito kutoka mguu mmoja hadi mwingine. "Basi ni yule marehemu. Jina lenyewe Chapuchapu. Alitaka amalize aende zake."

Hilo mpelelezi alikuwa ameshalisikia kituoni, na hata kwa muuza maji wa njiapanda. Jina lilikuwa limemhukumu mtu kabla ya mahakama. Aliteremka, akaenda kwenye miti iliyotolewa. Ilikuwa imelazwa kando ya ukuta, mmoja juu ya mwingine, vichwa vyote vimelingana. Karibu yake kulikuwa na kopo la maziwa, na ndani ya kopo misumari iliyong'olewa kwenye miti hiyo, kila mmoja umenyooshwa kwa nyundo ili utumike tena.

"Mtu mwenye haraka hanyooshi misumari," alisema.

Alianza kuiteremsha miti mmoja mmoja. Ya chini ilikuwa mikavu na safi. Ya juu, ambayo kwa hiyo ilitolewa mwisho, ilikuwa imechirizikiwa na uji wa zege la roshani, michirizi ya kijivu toka juu hadi chini. Lakini usawa wa kifua, kwenye kila mmoja wa miti hiyo, palikuwa na pete ya mti mtupu, upana wa vidole vitatu. Uji ulikuwa umefika pale ukakatika, ukaendelea tena chini yake.

"Njoo uone. Hii ni nini?"

"Mti," alisema mwenye nyumba.

"Naona ni mti. Nauliza hii pete."

Mwenye nyumba aliinama, akatazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Sijui."

"Hapa palikuwa na kitambaa wakati zege linamwagwa. Kikaupokea uji kwa niaba ya mti. Halafu mtu akakivua, na akakivua kwa kufungua fundo. Angekikata kwa kisu, mti ungekuwa na mkwaruzo." Mpelelezi alifuta mikono. "Timazi alisema kweli. Sasa tuambiane vitambaa vilikwenda wapi. Kwenye kifusi havimo, nimetazama orodha ya vilivyookotwa. Mfukoni mwa marehemu havimo."

"Upepo, labda."

"Upepo haufungui mafundo, kaka."

Mke wa mwenye nyumba aliwakaribisha sebuleni, akaleta maji. Kutoka chumba cha nyuma ilisikika cherehani; ilikwenda kidogo, ikanyamaza, ikaenda tena. Mpelelezi alikaa mkabala na picha kubwa ya rangi ukutani. Mzee mwenye mvi, amekaa wima, tabasamu dogo. Shati la mistari ya buluu, limefungwa mpaka kifungo cha juu.

"Marehemu baba?" aliuliza.

"Baba mkwe," alisema mke. Alikuwa anataka kukaa, akakuta ameweka sinia kwenye kiti chake mwenyewe.

"Dada, ulimpa Timazi nguo kuukuu?"

"Hakumpa," alisema mume.

"Nimemuuliza yeye."

Cherehani ilinyamaza. Mke alisubiri mpaka ilipoanza tena, ndipo akasema kwa sauti ya chini: "Nilimpa."

"Wewe mwanamke."

"Niache niseme. Siwezi tena kula, siwezi kulala, yule mtu yuko ndani." Alimgeukia mpelelezi. "Lilikuwa kwenye gunia la matambara, afande, ya kudekia. Nililitoa bila kuangalia. Sikujua kama ni la Baba. Mama alikuwa kwa binti yake wakati ule. Aliporudi jioni alipita pale mbele, mimi niko jikoni. Sikuona kitu. Kesho yake, baada ya ile... baada ya kuanguka, nimeingia uani kuchota maji ya kuwapa watu, nikakuta beseni. Maji yake ya kijivu, na ndani vile vitambaa vimelowekwa."

"Na bibi anajua vilikuwa vya nini?"

"Hajui. Anajua roshani imeanguka, basi. Tumemwambia Timazi ni fundi mbaya."

Mwenye nyumba alisimama, funguo zikalia. "Tutoke nje kidogo, afande."

Walisimama uani, karibu na beseni lenyewe. Chini yake palikuwa pamebaki utando wa saruji iliyoganda, mwembamba kama ganda la yai.

"Nakuomba kama mtu na ndugu yake," alisema mwenye nyumba. "Timazi ana wakili. Ana ndugu, wamejaa pale kituoni. Atatoka, leo au kesho. Mama ana mimi tu. Ukimwambia yeye ndiye aliyesababisha, umemuua."

"Timazi anaweza asitoke. Wewe mwenyewe umeandikisha kwamba hukuona vitambaa."

"Sikuviona. Viliondolewa kabla sijaviona."

"Lakini ulipoandikisha ulikuwa umeshaliona beseni."

Mwenye nyumba alizishika funguo zake zisilie.

"Na Chapuchapu je?"

"Chapuchapu ameshakufa."

"Mama yake hajafa. Kila siku anakaa kwenye ngazi za kituo. Haulizi fidia, haulizi maiti itatoka lini. Ananiuliza kama ni kweli mwanawe alikufa kwa uzembe wake, kwa sababu mtaa mzima unasema hivyo. Nimjibu nini?"

Wakati huo ndipo walipogundua kwamba cherehani haisikiki tena. Bibi alikuwa amesimama kwenye mlango wa uani, mkono mmoja kwenye kizingiti. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa uzi nyuma ya kichwa.

"Mbona mnamweka mgeni uani kama kuni?" alisema. "Mwingizeni ndani."

"Shikamoo, Mama," alisema mpelelezi.

"Marahaba, mwanangu. Ndiye wewe askari?"

"Ndiye mimi."

"Karibu kwangu basi. Huko sebuleni viti vyao vinaumiza mgongo."

Chumba chake kilikuwa kidogo na safi sana. Juu ya cherehani lilitandazwa shati. Mtu aliyeliona kwa mbali angesema ni zima. Kwa karibu, lilikuwa limeunganishwa kipande kwa kipande, mstari wa buluu ukikutanishwa na mstari wa buluu, mshono mwembamba kama mshipa. Mkono wa kushoto bado ulikuwa haujaungwa. Vipande vyake vilikuwa vimepangwa kando. Kwenye pindo palikuwa na madoa ya kijivu yaliyokataa kutoka.

"Saruji ni adui wa nguo," alisema Bibi, akifuata macho yake. "Nimesugua mpaka kucha zimekwisha."

"Ulivikuta wapi, Mama?"

"Kwenye miti huko mbele. Fikiria. Nimetoka safari, nainua uso, naona shati la mume wangu limechanwa, limefungwa kwenye miti kama kamba ya mbuzi, linadondokewa uchafu. Sikumsema mtu. Huyu binti ni mwema, najua hakukusudia. Nikafungua kimoja kimoja, nikavitia kwenye beseni." Alikaa. "Ni shati alilolivaa siku aliyonunua kiwanja hiki. Nilitaka siku nitakayokaa kwenye hiyo roshani, liwe limetundikwa chumbani. Mengine ni mawazo ya kizee tu."

Mwenye nyumba na mkewe walikuwa mlangoni.

Bibi aliwatazama wote wawili, kisha akamtazama mpelelezi. "Kwani vilikuwa na kazi?"

"Mama, achana na hayo," alisema mwanawe.

"Nimemuuliza huyu."

Mpelelezi alivuta kigoda, akakaa chini kuliko yeye. "Vilikuwa na kazi," alisema. "Vilikuwa alama ya miti isiyotakiwa kuguswa. Fundi alimwambia kibarua: mti wenye kitambaa uache, siku nikikivua utautoa. Asubuhi ile kibarua alifika akaikuta miti yote haina kitambaa, na hakuna hata uzi uliobaki. Kupima zege si kazi ya kibarua; akajua fundi amekwisha kupita, ameridhika. Akaitoa kama alivyoelekezwa, kwa utaratibu, hata misumari akainyoosha."

Bibi alivua miwani. Aliifuta kwa pindo la gauni, upande mmoja, upande mwingine, akaivaa tena. Mke wa mwanawe alianza kulia kwa kwikwi, Bibi akamwashiria anyamaze.

"Hukujua, Mama," alisema mwenye nyumba. "Nani angejua? Matambara kwenye miti."

"Wewe ulijua. Toka lini?"

"Siku ileile."

"Na umenikalisha hapa nishone."

Bibi alimpa mwanawe kisogo.

"Yule fundi yuko wapi?" Bibi aliuliza.

"Ndani. Kesho anashtakiwa kwa kuua," alisema mpelelezi.

"Na kijana ana mama?"

"Anaye."

"Una karatasi?"

"Ninayo."

Bibi alikunja shati, akaliweka kitandani, akaacha meza ya cherehani wazi. "Andikia hapa. Pana mwanga."

Mpelelezi aliandika bila kukimbia. Alieleza zege lililokomaa na zege bichi, pete kwenye miti, misumari ndani ya kopo, beseni. Hakumpamba Timazi. Aliandika kwamba fundi aliyekabidhi uhai wa watu kwa kitambaa, akamwambia maana yake mtu mmoja tu, akafunga kitambaa hicho mbele ya mlango wa watu bila kuwaambia neno, kisha asiwepo siku ya kutoa miti, alikuwa na uzembe wa kujibu. Lakini uzembe si kuua, na shtaka la kuua lisisimame. Kuhusu marehemu aliandika kwamba hakukosea kitu.

"Isome," alisema Bibi.

Akaisoma. Alipofika kwenye maneno "vitambaa viliondolewa na mtu wa nyumbani asiyejua maana yake," Bibi aliinua kidole.

"Mtu wa nyumbani ni nani? Kesho watamwambia ni huyu binti. Au ni paka. Andika ni mama wa mwenye nyumba."

"Mama," alisema mwanawe, "utaitwa mahakamani."

"Nitakwenda. Miguu ninayo. Na kwa mama wa yule kijana nitakwenda kabla ya hapo, nawe utanipeleka, hizo funguo zako ziache nyumbani."

Mpelelezi alikata maneno matatu, akaandika mengine juu yake, akatia saini. Alikunja barua, akaitia ndani ya bahasha, akakandamiza kifuniko. Kikajifungua. Akakandamiza tena, kikajifungua.

"Serikali nzima haina gundi?" Bibi aliuliza.

"Imekauka, Mama."

"Lete."

Aliiweka bahasha chini ya sindano ya cherehani, uzi wa buluu bado umo, akaishusha. Akazungusha gurudumu kwa mkono, polepole, na sindano ikatembea juu ya kifuniko toka pembe hadi pembe. Mwanawe alisogea hatua moja.

"Mama, bahasha ya serikali haifungwi kwa uzi."

"Atakayeifungua njiani atajulikana," alisema mpelelezi. "Gundi haina faida hiyo."

Bibi alikata uzi kwa mkasi, akapitisha kidole gumba juu ya mshono kuona kama umeshika, akampa.

Mpelelezi alitoka barabarani na kusimamisha pikipiki. Alimwandikia dereva jina la ofisi kwenye kiganja, akamwambia ampe mwendesha mashtaka mkononi, si karani, na angoje mpaka atiliwe saini. Dereva aliigeuza bahasha, akautazama ule mshono, akafungua mdomo, kisha akaona uso wa mwanamke mzee aliyesimama getini akaufunga. Alitia bahasha ndani ya koti, akavuta zipu mpaka kidevuni, akaondoka.

Bibi alibaki pale mpaka mlio wa pikipiki ulipopotea nyuma ya maduka, mkasi bado uko mkononi.